Siku nzima mtoni Naro Moru, maji maangavu, trauti wamefunga mdomo: kosa liko wapi?

mgeni_wa_kijito

Wadau, salamu. Naomba mnisaidie kuichambua siku moja mbovu.

Mto ni Naro Moru, unaoshuka upande wa magharibi wa Mlima Kenya, kipande kilicho chini kidogo ya ukingo wa msitu, mwinuko wa mita 2,000 na ushei. Ni Februari, jua kali, mvua hakuna. Upana wa mto ni mita nne hadi tano, kina cha magoti, penye mashimo kinafika kiunoni. Maji ni maangavu, kokoto unazihesabu.

Vifaa: fimbo ya futi 9 namba 5 (namba ni uzito wa mshipi), mshipi wa kuelea, lida (uzi mwembamba unaofuata mshipi) ya futi 9 inayoishia na tipeti (kipande cha mwisho, chembamba zaidi) ya 4X. Asubuhi flai, yaani chambo bandia cha manyoya, ilikuwa Coachman namba 10 (namba ikipanda flai ni ndogo), mchana Woolly Bugger nyeusi namba 8. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, nikishuka na mto, natupa kwa mshazari kuelekea chini na kuiacha flai izunguke hadi ukingoni.

Matokeo: trauti wawili waliifuata flai wakageuka, mmoja mdogo alidonoa akaachia. Basi.

Je, tatizo ni flai, ni saa, au mto wenyewe umekwisha? Na hii habari ya tipeti nyembamba ina maana kweli au ni maneno ya wauza vifaa?

---

chubwi_ndogo

Mkuu, flai iweke kando kwanza. Ulikuwa unashuka na mto, na hapo ndipo siku ilipoharibika.

Trauti hukaa kichwa kikielekea maji yanakotoka, maana chakula kinaletwa na mkondo. Ukishuka unamjia usoni. Isitoshe, mchanga na ukoga unaoutibua kwa buti unamfikia kabla yako. Mto ukiwa mkubwa na maji yana rangi ya chai, kosa hilo linasameheka. Kwenye kijito cha mita nne hakuna msamaha: unakuta dimbwi tupu, unadhani mto hauna samaki, kumbe wamejibanza chini ya mizizi wakingoja upite.

Panda mto. Ingia kwa chini, elekea juu, tupa mbele yako.

La pili ni kimo. Mwanga hupinda unapoingia majini, kwa hiyo samaki haoni vizuri kitu kilicho chini sana, karibu na usawa wa maji. Wavuvi wengi huhesabu nyuzi 10: kilicho chini ya pembe hiyo kinamfifia. Piga hesabu. Umbali wa mita 6, nyuzi 10 ni kama mita 1.05 juu ya maji. Mtu aliyepiga magoti kando ya kijito anaingia humo kwa taabu kidogo. Aliyesimama wima juu ya ukingo anaonekana chote kuanzia kiuno kwenda juu, pamoja na fimbo inayometameta. Ukirudi nyuma hadi mita 9 unapata kama mita 1.6, lakini kwenye mto mdogo mtupo wa mita 9 unalaza mshipi juu ya mikondo mitatu tofauti, na hapo unaanza shida nyingine. Kwa hiyo piga magoti, tupa mita 5 hadi 7. Suruali itachafuka.

Dimbwi lina mpangilio wake: anza na mkia, yaani mwisho wake wa chini, kisha katikati, na kichwa, maji yanapoingilia, mwisho. Ukianza na kichwa kwa tamaa ya yule mkubwa, wa mkiani wanapanda mbio na kumpa habari. Kila mahali mitupo mitano au sita, usonge. Ukimwona mmoja amekurupuka kupanda juu, keti chini dakika 15 hadi 20. Kuendelea kutupa ni kuchosha mkono tu.

Sasa flai inavyosafiri. Chagua povu moja lililo karibu na flai yako ulitazame. Flai na povu vinatakiwa kwenda sawasawa kama abiria wa matatu moja. Flai ikilitangulia povu, au ikibaki nyuma, inaburutwa na mshipi. Ukishaona alama ya V nyuma ya flai umechelewa sana. Trauti alishaona mapema kuliko wewe. Wale wawili waliofuata na kugeuka, mimi naweka lawama hapa, maana kuizungusha flai hadi ukingoni ni kuiburuta kwa makusudi. Uvuvi huo upo na una mahali pake, ila si kwenye maji ya magotini ya Februari.

Dawa: inua ncha ya fimbo, mshipi mnene usiguse maji kabisa, lida peke yake ndiyo iguse. Hapo futi 9 inakufaa, inafika mbali kuliko ya futi 7. Usikimbilie kununua fimbo nyingine. Ya futi 7 namba 3 inapendeza chini ya matawi, lakini haitakuletea samaki uliyekwisha kumfukuza.

---

baridi_ya_mlima

Nakubaliana na chubwi_ndogo, ila hakuna hata mmoja aliyeuliza joto la maji. Mtu anakaa mtoni saa saba bila kipimajoto!

Funga kipimajoto kwenye uzi, kizamishe kivulini mahali maji yanakotembea, kina cha sentimita 20 hivi, subiri dakika mbili, kisome kikiwa bado ndani ya maji. Ukikitoa ndipo ukisome unapima upepo.

Kati ya nyuzi 10 na 16 Selsiasi trauti anakula vizuri. Chini ya 7 au 8 analala chini, anataka chakula kimpitie puani. Ikifika 18 anaanza kususa. Ikifika 20, kunja fimbo uende zako, na hapo sizungumzii bahati mbaya: samaki atakayepigana nawe kwenye maji hayo anaweza kufa hata ukimwachilia. Sababu ni oksijeni. Maji yakipata joto yanabeba oksijeni kidogo, na kwenye mwinuko wetu hewa yenyewe ni nyepesi. Mita 2,000 juu ya bahari, maji yanaweza kubeba takriban asilimia 78 tu ya kile ambacho yangebeba pwani kwa joto lilelile. Kwa nyuzi 12 unapata kama miligramu 8.5 kwa lita, kwa nyuzi 20 kama 7. Ndiyo maana maji yakiwa ya moto unawapata wote kwenye mporomoko mdogo wenye povu, wakati dimbwi zuri la kuvutia ni tupu.

Kwa hiyo saa zako, tatu hadi kumi, umekata kipande kibaya cha siku. Kipande hicho cha mto kwa Februari ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne, kisha saa kumi jioni hadi giza. Mchana jua la ikweta linasimama utosini, ukingo hautoi kivuli. Ukipanda juu, kwenye maji yanayotoka Bonde la Teleki huko mlimani, mambo yanageuka: asubuhi maji ni baridi mno, na saa tano hadi saa nane ndiyo wakati wake. Kipimajoto ndicho kitakachokuambia, si saa ya mkononi.

Jambo la pili, na hili watu wa Nanyuki na Naro Moru wanalijua: mabanio, yaani vizuizi vya kuchepusha maji. Mto huu, kama mto jirani wa Burguret, unachotwa na mifereji na mabomba ya umwagiliaji, na kiangazi ndicho wakati kila mtu anafungua. Maji yanaweza kushuka asubuhi hiyohiyo na wewe umesimama ndani. Namna ya kujua ni kutazama mawe. Jiwe lililokauka zamani ni la kijivu na vumbi. Ukiona juu ya usawa wa maji kuna utepe mweusi, mbichi, ukoga wake bado unateleza kidoleni, na mvua haijanyesha, ujue maji yameshuka muda si mrefu. Utepe wa vidole viwili si neno. Utepe wa kiganja kizima: samaki wote wamehamia mashimoni, wamejaa hofu, na kipande hicho kimekufa kwa saa kadhaa. Panda upite banio la juu kabisa.

Ukipanda unaingia msitu, na msitu una tembo na nyati. Mtoni husikii kitu, maji yanameza mlio wa matawi, na ukiwa umepiga magoti kama ulivyoshauriwa humwoni nyati hadi yuko karibu. Nenda na askari wa wanyamapori, yeye atazame kichaka na wewe utazame flai. Halafu leseni ya uvuvi na ada ya kuingia hifadhini ni karatasi mbili tofauti, ya kwanza haikufungulii lango.

---

fundi_manyoya

"Flai iweke kando." Haya. Coachman namba 10 kwenye maji ya kuhesabu kokoto ni kama kumpelekea mtu sahani ya pilau na kuku juu yake katikati ya barabara: ni nzuri, lakini lazima ajiulize imetoka wapi. Na Woolly Bugger namba 8 ni ya maji yaliyotibuka baada ya mvua za Aprili, pale samaki haoni zaidi ya nusu mita na anataka kitu kikubwa cheusi kinachotikisika.

Kabla ya kufunga chochote, geuza mawe matano. Jiwe la ukubwa wa mkate, kwenye maji yanayokwenda kasi, lirudishe ukimaliza. Vidudu bapa vinavyokimbia upande wa pili wa jiwe, mikia mitatu, matamvua kama manyoya ubavuni: hao ni watoto wa mdudu aitwaye meiflai. Vijumba vya mchanga na vijiti vilivyogandishwa: watoto wa mdudu mwingine, kadisi. Vibuu vyeusi vilivyoning'inia kwa kitako vikipepea: vya usubi. Pima kwa kucha ya kidole kidogo. Mwezi huu vingi vitakuwa milimita 5 hadi 8, na hiyo ni ndoana namba 16, 14 ukikosa.

Funga hivi. Lida ya futi 9 ikate iwe futi saba na nusu, uongeze tipeti ya 5X. Juu weka flai kavu ya nywele, Elk Hair Caddis namba 14, inaelea vizuri na unaiona. Kwenye mkunjo wa ndoana yake funga sentimita 50 za 6X, na mwisho wake nimfu, yaani flai ya kuzama inayoiga mtoto wa mdudu, Pheasant Tail namba 16 yenye shanga ya tungsteni ya milimita 2. Ile kavu inafanya kazi ya chelezo. Ikisimama, ikizama, ikijongea kando hata kwa upana wa kidole, kaza.

Kuhusu tipeti, si maneno ya wauza duka. 4X ina unene wa milimita 0.18 hivi, 5X ni 0.15, 6X ni 0.13. Wengi wanadhani faida ni kwamba samaki haioni. Faida kubwa ni kwamba inapinda. Flai namba 16 kwenye 4X inakaa kama mbwa kwenye kamba ya chuma, kila mtikisiko wa mshipi inaupokea. Kanuni ya haraka: namba ya flai gawanya kwa 3. Flai namba 16 inataka 5X, ukiwa na maji maangavu sana shuka 6X. Ukitumia flai namba 10 kwenye 6X, flai inasokota tipeti hadi inakuwa kama nywele za singa.

Fundo la klinchi linatosha: pitisha kwenye tundu, zungusha mara tano, rudisha ncha kwenye kitanzi cha karibu na tundu, lowesha kwa mate, vuta polepole. Ukivuta kavu, msuguano unaunguza nailoni na fundo linakatika kwa samaki wa kwanza. Flai ikipotea, itazame ncha iliyobaki. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo limeteleza, hukulifunga sawa. Ikiwa imekatika wima, kulikuwa na fundo la upepo, lile linalojifunga lenyewe ukitupa, au jiwe limekwaruza. Pitisha tipeti kati ya kucha mbili kila nusu saa, utasikia vifundo hivyo. Usijaribu kuvifungua, kata ufunge upya.

---

chubwi_ndogo

Fundi, kwenye zile sentimita 50 nina neno. Maji ya magotini yana sentimita 40 hadi 45, na nyuma ya jiwe pengine 25. Kwa sentimita 50 nimfu ya tungsteni italala chini ishike jiwe, na kila ukifungua unatikisa dimbwi zima. Mimi nasema 35 mtoni kote, na ukifika kwenye shimo la kiuno ndipo ukate ufunge 80.

---

fundi_manyoya

Nimfu isipogusa chini mara moja katika mitupo mitano, haiko kwa samaki. Lakini sawa, kwa shanga ya tungsteni 35 hadi 40 haina ubaya. Kwa shanga ya shaba, iliyo nyepesi, baki na 50.

---

mgeni_wa_kijito

Asanteni sana. Vipimo vya safari ya pili, mahali palepale: saa moja asubuhi nyuzi 12, saa sita nyuzi 17, saa tisa alasiri nyuzi 19. Utepe mbichi kwenye mawe upo, upana wa kiganja na kidogo, umeonekana kuanzia saa nne.

Kupanda mto kumesaidia, wanadonoa. Matatizo mawili: flai kavu inazama baada ya mtupo wa tatu, na wanaodonoa ile ya juu nawakosa karibu wote. Tena chini ya matawi sina nafasi ya kurusha nyuma.

---

baridi_ya_mlima

Nyuzi 19 saa tisa, na maji yanashuka kuanzia saa nne. Basi kipande hicho ni cha alfajiri tu. Anza kukipambazuka, saa nne uwe umetoka. Ukitaka mchana, panda juu ya mabanio na upime tena.

---

fundi_manyoya

Flai inazama kwa sababu moja kati ya tatu. Ya kwanza, umeipaka mafuta ya kuelea ikiwa imelowa. Hapo unafungia maji ndani. Ipake ikiwa kavu, tone la ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, lisugue kati ya vidole mpaka vidole vibaki na utelezi kidogo tu, ndipo uguse nywele za flai. Ukizidisha, nywele zinashikana na inazama vilevile. Ya pili, ute wa samaki. Ukimtoa samaki, isuuze flai mtoni, ikamue kwenye kitambaa cha pamba, ipulize, ipake upya. Ya tatu, shanga ni nzito kuliko flai inavyoweza kubeba. Kavu namba 14 inabeba shanga ya milimita 2. Ya milimita 3 inaizamisha hata ukiipaka kopo zima.

---

chubwi_ndogo

Kuwakosa: unakaza mapema, na unavuta kwa mkono wote. Yule wa juu akifungua mdomo bado hajaufunga. Ngoja aelekeze kichwa chini, sema "haya" kimoyomoyo, kisha inua ncha ya fimbo sentimita 20 hadi 30, si zaidi. Mshipi uwe haujalegea: kila flai inavyokujia, vuta mshipi uliolegea kwa mkono wa kushoto kupitia kidole cha mkono wa fimbo. Mshipi ukilala kwa mapindo majini, hata ukiinua fimbo nusu mita ndoana haisogei. Wa nimfu ni kinyume chake, huyo usimngoje, anaitema kufumba na kufumbua. Na tipeti ya 6X inakatikia kwenye kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo ukiinua kwa hasira unamwachia mapambo mdomoni.

Chini ya matawi tupa kama mshale. Toa mshipi urefu wa fimbo, au pungufu kidogo. Shika flai kwa mkunjo wa ndoana, ncha ikitazama nje, mbali na kidole. Elekeza fimbo pale unapotaka, vuta flai nyuma hadi fimbo ipinde, iachie. Ukiwa na flai mbili, shika ile ya nimfu, na ile ya juu iache ining'inie; ukishika ya juu, ya chini itakurukia mkononi. Ndoana zote mbili zibinye kile kijino kwa koleo kabla ya kuingia mtoni. Ikiingia kidoleni inatoka kwa kuvuta tu, na samaki unamfungua akiwa bado majini, mkono ukiwa umelowa.